Kumbukumbu chungu za utotoni: jua njia ya kurudi kabla hujaenda

Kwa miaka mingi mlio wa funguo zikitupwa mezani ulinifanya niombe radhi. Nilipokuwa mdogo nilijifunza kusoma hali ya nyumba kwa mlio huo. Zikiwekwa taratibu, tungelala salama. Zikitupwa, mtu angepigwa, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Miaka ikapita, nikawa mtu mzima mwenye kazi na familia. Siku moja mwenzangu kazini akatupa funguo zake juu ya meza. Mikono ikawa ya baridi, na mdomo ukatamka "samahani" kabla sijajua naomba radhi ya nini. Yule mwenzangu alinitazama kwa mshangao, na mimi mwenyewe nilishangaa.

Ukisimulia jambo kama hili, wengi watakujibu kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wanasema kwa nia njema. Lakini ndwele ni ugonjwa, na mwenye kumbukumbu ya namna hii anajua kwamba mwili wake bado unauguza kitu ambacho kalenda inasema kilikwisha zamani. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake. Hauahidi kufuta kumbukumbu, maana hakuna awezaye kuifuta. Unaelekeza namna ya kuiendea na kurudi, kidogo kidogo, mpaka ifike mahali kumbukumbu inakuja na wewe unabaki kuwa mtu mzima uliye leo.

Kanuni moja inatangulia zote: usiiendee kumbukumbu kabla hujajua njia ya kurudi. Nimeona watu wakiumia upya kwa sababu walianza na kuchimba. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa hazigusi kabisa yaliyotokea.

Kinachotokea mwilini

Ndani ya ubongo kuna kisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Kazi yake mojawapo ni kupiga king'ora hatari inapokaribia, na hufanya hivyo kabla hujapata muda wa kufikiri. Jirani yake ipo hipokampasi, ambayo husaidia kuliweka tukio mahali pake: lilitokea lini, wapi, lilianza vipi na likaisha vipi. Hofu inapozidi, hasa kwa mtoto asiye na pa kukimbilia, king'ora hunasa kwa nguvu huku upangaji ukilegea. Vinavyobaki ni vipande: harufu, mlio, kivuli mlangoni, donge kooni. Vipande hivyo havina tarehe, kwa hiyo vikiguswa huja kama jambo la sasa hivi. Wahenga waliliona hili: aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyo anayeshtuka hana upungufu wa akili. Aliumwa kweli.

Wala si wewe peke yako. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walitoa matokeo ya kwanza ya utafiti uliofanyika San Diego, Marekani, ambao kwa jumla ulihusisha watu wazima zaidi ya 17,000. Walikuwa watu wa kawaida wenye bima ya afya, wengi wao wasomi. Karibu theluthi mbili walikuwa wamepitia walau aina moja ya madhila utotoni: kupigwa, kudhalilishwa kwa maneno, kunajisiwa, kupuuzwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi nyumbani. Kadiri aina hizo zilivyoongezeka kwa mtu mmoja, ndivyo hatari ya sonona, ulevi na hata magonjwa ya moyo ilivyopanda. Hili la mwisho nalitaja kwa uangalifu, maana nimewaona watu wakijihesabia madhila yao kisha wakakata tamaa. Takwimu za kundi haziwezi kukutabiria wewe. Zinaonyesha tu kwamba maumivu haya ni jambo la afya, kama lilivyo shinikizo la damu, na yanastahili kushughulikiwa bila aibu.

Hatua ya 1: Tengeneza njia ya kurudi

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke hata kama unaona ni ndogo. Ifanyie mazoezi kila siku kwa wiki mbili ukiwa umetulia. Mtu hajifunzi kuogelea siku anayozama.

Anza na miguu. Ukiwa umeketi, kandamiza nyayo sakafuni mpaka uhisi visigino. Kisha tazama ulipo na utaje, kwa sauti kama unaweza, vitu 5 unavyoviona, 4 unavyoweza kuvigusa, milio 3 unayoisikia, harufu 2, na ladha 1 iliyo kinywani. Usitaje kwa haraka. Ukisema "pazia", litazame lilivyokunjika na mahali lilipopauka kwa jua. Kazi ya zoezi hili ni kuupa ubongo tarehe na mahali, vile vitu viwili ambavyo kumbukumbu chungu imekosa.

Kisha pumzi. Vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, kwa dakika tatu hivi. Siri iko kwenye kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta, kwa sababu ndipo neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na moyo, inapopunguza mapigo ya moyo. Macho yawe wazi. Wapo ambao wakifumba macho na kusikiliza pumzi yao hofu huongezeka badala ya kushuka, hasa kama waliumizwa gizani au walizibwa mdomo. Ukiwa mmoja wao, achana na pumzi kabisa. Tumia maji baridi kwenye viganja, au bonyeza mikono ukutani kama unayeusukuma.

Chukua pia kitu kimoja kidogo cha kukaa mfukoni. Mimi nilikuwa na kifungo cha koti, cheusi, chenye matundu manne na ukingo mmoja uliomegeka. Niliponunua koti lile nilikuwa tayari mtu mzima, kwa hiyo kifungo hakikuwa na uhusiano wowote na nyumba ile. Nikikipapasa na kidole kikaufikia ule ukingo, nilijua niko upande huu wa maisha.

Mwisho tunga sentensi yako ya kurudia. Ya kwangu ilikuwa hivi: "Leo ni Jumanne. Nina miaka 38. Niko jikoni kwangu. Ufunguo wa mlango huu ninao mimi." Sentensi iwe na siku, umri wako wa leo, mahali ulipo, na jambo moja ambalo mtoto yule hakuwa nalo na wewe unalo. Iandike uiweke ndani ya simu, kwa sababu wakati wa hofu maneno hupotea.

Hatua ya 2: Andika vichochezi vyako

Kwa wiki mbili nyingine, kila unaposhtuka, kukasirika kupita kiasi, kufa ganzi au kutaka kukimbia bila sababu inayoonekana, andika mistari mitatu kwenye daftari dogo. Nini kimetokea muda mfupi kabla? Mwili umefanya nini? Nimejihisi nina umri gani?

Swali la tatu ndilo lenye kufungua mambo. Mtu hugombezwa na bosi akajikuta anajihisi ana miaka 8. Mwingine mumewe akinyamaza kwa nusu saa tu, anajihisi ana miaka 5 na ameachwa peke yake nyumbani. Ukiuona umri huo, tayari kuna mtu mzima anayemtazama mtoto, na hapo umeshatoka nusu.

Usitazame milio na harufu peke yake. Kuna majira ya mwaka, kuna siku za kukusanyika na ndugu, kuna kuugua na kulazwa. Kwa wazazi kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: mtoto wako anapofikia umri uliokuwa nao ulipoumizwa, kumbukumbu zilizolala miaka 20 zinaweza kuamka kwa wiki moja. Likikupata, hujarudi nyuma. Umepata kipimo. Kwa mara ya kwanza umeona kwa macho yako jinsi mtoto wa umri ule alivyo mdogo.

Ukishavijua vichochezi, amua vipi utaviepuka na vipi utavizoea. Kuacha kwenda kwa mjomba anayekutukana ni busara. Kuacha kupanda gari, kulala bila taa au kukaa na mwanamume yeyote ni kuiachia hofu ikupunguzie dunia, na dunia ya namna hiyo hupungua kila mwaka.

Hatua ya 3: Acha kuifukuza

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, na kila wakimfikiria wapige kengele. Kengele zililia. La kushangaza zaidi, waliokatazwa kwanza, waliporuhusiwa baadaye walimfikiria dubu huyo kuliko wenzao ambao hawakukatazwa. Kumbukumbu nayo ndivyo ilivyo. Ukiizibia mlango, itagonga kwa nguvu zaidi usiku.

Badala ya kuifukuza, itaje jina na uipe zamu. Sema: "Hii ni kumbukumbu. Haitokei sasa. Nitaishughulikia Jumamosi saa nne asubuhi." Halafu Jumamosi saa nne uishughulikie kweli. Ukiidanganya, haitakuamini tena.

Pombe na vidonge vya usingizi visivyoandikwa na daktari ni namna nyingine ya kuifukuza. Nawaelewa wanaovitumia, maana usiku mmoja wa usingizi mzito ni kitu kikubwa kwa mtu asiyelala. Lakini deni lake hulipwa na riba.

Hatua ya 4: Iandike, kwa saa iliyopangwa

Sasa ndiyo tunaigusa. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika jambo lililowaumiza sana maishani, tukio lenyewe pamoja na hisia zao, walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku ile ile. Ila katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Ukweli huo una pande mbili na yakupasa uzijue zote: ukimaliza kuandika utajisikia vibaya zaidi kwa muda, na hilo halina maana kwamba umekosea.

Pima kumbukumbu zako kutoka 0 hadi 10, ambapo 10 ni ile usiyoweza hata kuikaribia. Anza na ya 3 au 4. Ile ya 10 usiiguse peke yako. Iache kwa ajili ya mtaalamu. Chagua saa ya mchana, siku ambayo huna safari wala kikao muhimu baadaye. Weka kengele ya simu kwa dakika 15. Andika kwa mkono ukiweza: kilichotokea, ulivyohisi wakati ule, na unavyolitazama leo ukiwa mtu mzima. Sehemu hii ya tatu usiiache. Kurudia tukio bila kulitazama kwa macho ya leo ni kuzunguka shimo lile lile. Kengele ikilia, acha hata kama sentensi haijaisha. Simama, fanya Hatua ya 1 yote, kisha nenda ukafanye kazi ya mikono: osha vyombo, fagia, kunja nguo.

Karatasi ni yako. Ifungie, ichome, ichane. Lakini usiirushe mtandaoni siku hiyo hiyo. Kidonda kibichi hakifai kuanikwa mbele ya watu wasiokujua.

Ukiona kwamba baada ya kuandika hulali siku kadhaa, au unajikuta unatazama ukuta bila kujua muda umekwendaje, acha zoezi hili na uruke hadi sehemu ya mtaalamu.

Kwa wasiopenda kuandika kuna njia ya kamba. Imetokana na tiba ya kusimulia maisha, ambayo Frank Neuner na wenzake waliijaribu kwa wakimbizi wa Sudan waliokuwa Uganda na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Chukua kamba ndefu, ilaze sakafuni. Mwanzo wake ni siku uliyozaliwa. Kwa kila jambo zuri weka ua, kwa kila jambo baya weka jiwe, kwa mfuatano wa miaka. Taja umri na kichwa cha habari tu: "Miaka 6, usiku wa mvua." Usisimulie. Mwisho wa kamba uache ukiwa umeviringwa, maana ni miaka ambayo haijafika. Kisha simama ukiitazama kutoka juu.

Mimi nilipofanya hivyo nilikuwa nimejiandaa kuona mawe matupu. Kati ya jiwe la miaka 7 na jiwe la miaka 9 nilijikuta naweka ua kwa ajili ya bibi aliyenifundisha kushona vifungo. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Jiwe la miaka 7 lilibaki zito vile vile, ila sasa lilikuwa na kabla na baada.

Neno kuhusu mapengo. Watu wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya miaka mitatu au zaidi kidogo, na hilo ni la kawaida. Kumbukumbu pia si picha iliyofungiwa kabatini. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 aliweza kuaminishwa kuwa aliwahi kupotea dukani akiwa mtoto, jambo ambalo halikutokea. Sisemi hivi ili ujitilie shaka. Yale uliyoyakumbuka siku zote, usiache mtu akuambie umeyatunga. Lakini asikuchimbue mtu kutafuta usiyoyakumbuka, awe na cheo gani, kwa kukulaza usingizi au kwa kukurudishia swali moja mara kumi. Kama hukumbuki siku, unaikumbuka hali: ulikuwa unaogopa kurudi nyumbani. Hiyo inatosha kuanzia.

Hatua ya 5: Mpe mtoto yule hukumu ya haki

Karibu kila mtu ninayemjua aliyeumizwa utotoni anabeba lawama ambayo si yake. "Ningenyamaza." "Ningekimbia." "Ningemwambia mama." Sababu yake inauma kuieleza. Mtoto hawezi kuishi akiamini kwamba anayempa chakula ni mtu wa hatari na hana kwingine pa kwenda. Kujiona yeye ndiye mbaya ni nafuu, kwa kuwa kama kosa ni langu, basi kesho nikiwa mwema yataisha. Hesabu hiyo ilikusaidia kuishi wakati ule. Leo inakutafuna.

Dawa niliyoipata haikutoka kwenye kitabu. Nilikuwa nimekaa nje ya chumba cha kusubiri, mtoto wa miaka 7 akawa anahangaika kufunga kamba za viatu. Ulimi umetoka pembeni, anatengeneza kitanzi kimoja, kinamponyoka, anaanza upya. Mkono wake mzima ulikuwa unaenea ndani ya kiganja changu. Nikawaza: huyu ndiye ninayemlaumu kwa kutomzuia mwanamume mzima.

Kwa hiyo mtafute mtoto wa umri ule, kwa macho tu. Tazama ukubwa wa viatu vyake. Kisha andika barua ya mistari michache kwa mtoto uliyekuwa, na umwambie mambo matatu: nini kilikuwa si kosa lake, nini alikifanya vizuri hata kama ni kujificha tu, na nani anamtunza sasa.

Kama hukupiga kelele wala kukimbia, fahamu kwamba kuganda ni mwitiko wa mwili, kama kufumba jicho kitu kinapolijia. Hukuuchagua. Na waliofanyiwa ukatili wa kingono wasikie hili waziwazi: mwili kuitikia mguso hakukuwa kukubali. Mtoto hana uwezo wa kukubali jambo hilo hata angesema ndiyo.

Hatua ya 6: Mwambie mtu mmoja

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mmoja anatosha. Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mpaka wakawa watu wazima. Kati ya waliokulia katika mazingira magumu sana, kama theluthi moja walikua na kuwa watu wazima walio imara, wenye kujiweza na kuwajali wengine. Jambo mojawapo lililojirudia kwao ni kuwa na mtu mzima angalau mmoja aliyewajali kwa dhati: babu, shangazi, mwalimu, jirani. Ukubwani haja hiyo haiishi.

Usichague kwa ukaribu wa damu. Chagua kwa namna mtu anavyotunza mambo madogo. Mpe kwanza siri nyepesi, uone inafika wapi. Ikibaki kwake mwezi mzima, mwendee. Na mwambie mapema unataka nini kwake, kwa sababu watu wema wasioelekezwa hukimbilia kutoa ushauri. Mimi nilimwambia dada yangu mkubwa hivi:

"Dada, kuna jambo la utotoni linanisumbua. Naomba unisikilize dakika kumi. Usinipe ushauri leo, na usimwambie mtu."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sema, mdogo wangu. Simu nimeizima." Sikumaliza hata nusu ya niliyokusudia, lakini usiku ule nililala.

Si kila mtu atajibu hivyo. Ukiambiwa "mbona hukusema siku zote" au "kila mtu alichapwa", funga mazungumzo kwa adabu: "Basi, tuyaache hapo." Umekosea msikilizaji, hujakosea kusema. Pumzika, kisha tafuta mwingine.

Kuhusu aliyekuumiza

Hapa watu hukushinikiza pande zote mbili, wengine usamehe leo, wengine umkabili leo. Mimi naona hakuna tarehe ya mwisho kwa lolote. Kusamehe na kurudiana ni mambo mawili. Unaweza kuacha kumtakia mabaya mtu na bado usikanyage kwake. Ukiamua kumkabili, jiulize kwanza: akikana kila kitu na kuniita mwongo, nitabaki nimesimama? Kama jibu ni hapana, bado. Wengi hukana.

Kuna jambo moja lisilosubiri. Kama mtu huyo leo anaishi na watoto au anaachiwa watoto, suala si kumbukumbu tena. Ni usalama wa mtoto aliye hai sasa, na lipelekwe kwa polisi au ustawi wa jamii hata kama familia itanuna.

Usiku

Kwa ndoto mbaya zinazojirudia kuna zoezi ambalo daktari Barry Krakow na wenzake walilifanyia utafiti kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, matokeo yakatoka mwaka 2001. Mchana, chukua ndoto moja, usianze na ile mbaya kuliko zote. Iandike, kisha ibadilishe upendavyo: mlango ufunguke, mtu afike, wewe uwe na mbawa. Halafu kaa dakika 10 hadi 20 kila siku ukiiona akilini ile ndoto mpya, si ya zamani. Endelea kwa wiki kadhaa. Ukiamka umeloa jasho, washa taa, weka miguu sakafuni, soma sentensi yako kwenye simu. Usibaki kitandani ukipigana nayo gizani.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Nenda kama kumbukumbu zinavuruga usingizi, kazi au ndoa kwa zaidi ya mwezi. Kama unajikata au kujiumiza. Kama unakunywa ili usikumbuke. Kama muda unakupotea. Au kama una kumbukumbu ya 10 ambayo huwezi kuikaribia. Usisubiri uanguke. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa watu wazima wenye kiwewe, yaani maumivu ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na mwenendo kuhusu tukio lenyewe, pamoja na tiba ya kusogeza macho ijulikanayo kama EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro. Tangu mwaka 2022 orodha ya kimataifa ya magonjwa inatambua pia kiwewe changamani, ambacho huwapata hasa walioumizwa kwa muda mrefu bila njia ya kutoka, kama ilivyo kwa watoto wengi.

Kikao cha kwanza ni cha wewe pia kumpima mtaalamu. Muulize: umewahi kutibu watu walioumizwa utotoni? Unatumia njia gani? Nikizidiwa katikati ya kikao tunafanya nini? Mtaalamu mzuri atajibu swali la tatu kwa utulivu na kwa undani, kwa sababu naye anajua umuhimu wa njia ya kurudi. Anayekutaka usimulie yote siku ya kwanza, anayekwambia usahau, au anayekugusa bila ruhusa, usirudi kwake.

Kama unawaza kujiua, weka pembeni hatua zote za hapo juu. Usibaki peke yako. Mwambie mtu aliye karibu maneno haya haya, "nawaza kujiua," mpe dawa au chochote unachoweza kujidhuru nacho akitoe nyumbani, na nendeni pamoja hospitali iliyo karibu usiku huo huo.

Ikirudi baada ya kimya kirefu

Itarudi. Msiba, ugonjwa, au harufu ya sabuni fulani kwenye korido vinaweza kuileta baada ya miaka mitatu ya amani. Hapo usiandike, usipange mawe, usimpigie simu aliyekuumiza. Kwa siku 14 fanya Hatua ya 1 peke yake, asubuhi na jioni, lala kwa saa zile zile, na umjulishe yule mtu wako mmoja kwamba imerudi. Siku ya 15 fungua daftari la vichochezi na uandike mstari wa kwanza: nini kilitokea muda mfupi kabla.